Nilikuwa Karani wa Bibi Kabla Sijamsoma Margery Kempe

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la tano huko Marangu, na kila mwisho wa mwezi Bibi aliniita jikoni akaniambia nichane ukurasa wa katikati wa daftari tuandike barua. Baba mdogo alikuwa kazini bandarini Tanga. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Kisomo cha watu wazima alikihudhuria wiki chache tu, kisha mbege ikamrudisha jikoni, maana pombe ikishaanza kuchemka haimsubiri mtu atoke darasani. Yeye alisema kwa Kichagga, mimi nikaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kichagga hatukufundishwa kukiandika shuleni.

Mwezi mmoja alikuwa na maneno mazito. Alisema amelala siku mbili bila kula, kwa sababu fedha yote ya pombe amempa mke wa baba mdogo akamtibie mtoto. "Mwambie sidai," alisema. "Nasema ili ajue." Mimi nilikuwa nimefundishwa jinsi barua inavyoandikwa: baada ya salamu unasema sisi huku sote ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nikaandika hivyo, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, nikamalizia na salamu za majirani. Ile habari ya njaa niliona ni aibu kuiweka kwenye karatasi safi kama ile.

Bibi akataka nimsomee. Nikasoma, nikiirudisha kila sentensi katika Kichagga. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa bado na unga wa ulezi, kisha akauliza: "Njaa yangu iko wapi?"

Karatasi ilikuwa imejaa. Ilibidi niizungushe, niandike maneno yake pambizoni kwa herufi ndogo, kutoka chini kwenda juu.

Nimeifanya kazi ya fasihi ya wanawake wa Zama za Kati za Ulaya kwa zaidi ya miaka 25 sasa, na wanafunzi huniuliza niliianzia wapi. Wanatarajia nitaje chuo. Niliianzia pale jikoni, ila sikulitambua hilo mpaka nilipofika umri wa miaka 30, nikiwa Uingereza kwa udhamini wa masomo, nikasoma utangulizi wa kitabu cha Margery Kempe.

Margery alizaliwa yapata mwaka 1373 Bishop's Lynn, mji wa bandari wa mashariki ya Uingereza ambao leo unaitwa King's Lynn. Baba yake, John Brunham, alikuwa meya wa mji huo mara tano. Aliolewa akiwa na miaka 20 hivi, na alipojifungua mtoto wa kwanza akarukwa na akili kwa zaidi ya nusu mwaka. Alizaa watoto 14. Alipika pombe, akaendesha kinu cha kusagia kinachovutwa na farasi, na kote kuwili akapata hasara. Akaenda kuhiji Yerusalemu, Roma na Santiago, na kila alikoingia kanisani alilia kwa sauti kubwa hadi wenzake wa safari wakamkimbia. Alishtakiwa uzushi mara kadhaa, na wakati ule shtaka hilo lilikuwa la kufa na kupona: William Sawtry, padre aliyewahi kuhudumu hapo hapo Lynn, alichomwa moto London mwaka 1401. Kitabu cha Margery, ambacho wengi hukiita tawasifu ya kwanza katika Kiingereza, alikisema kwa mdomo, wengine wakakiandika.

Utangulizi wenyewe unasimulia namna kilivyoandikwa, na ni kisa cha taabu tupu. Mwandikaji wa kwanza alikuwa Mwingereza aliyeishi nchi za Wajerumani, akarudi na mkewe na mali zake, akakaa na Margery na kumwandikia, kisha akafa. Wataalamu wengi wanaamini alikuwa mwanawe wa kumzaa, na barua ya mwaka 1431 iliyopatikana katika hifadhi ya nyaraka ya Gdańsk imeipa nguvu hoja hiyo. Margery akapeleka maandishi yale kwa padre mmoja. Padre akaona si Kiingereza kizuri wala Kijerumani kizuri, na herufi hazina umbo la herufi. Isitoshe, Margery alikuwa anasemwa vibaya mjini, na padre akaogopa kuhusishwa naye. Akampiga kalenda miaka minne na ushei. Mwishowe dhamiri ikamsuta, na mwaka 1436 akakaa naye, akayasoma yote neno kwa neno mbele yake, Margery akimsaidia kila palipokuwa pagumu. Macho yakaanza kumsumbua padre. Akavaa miwani, hali ikazidi kuwa mbaya kuliko mwanzo.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Si Kiingereza kizuri wala Kijerumani kizuri. Mtu aliyekaa kati ya lugha mbili, anamwandikia mzazi wake asiyejua kuandika: nilimjua mtu huyo, nilikuwa mimi.

Wakati ule wasomi walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema maneno mengi ya kitabu ni ya padre, na Margery mwenyewe tusidhani tunamsikia. Wapo waliosema padre ni pazia tu, Margery amemweka pale ili kitabu kipate heshima ya mwanamume msomi. Nilizisoma hoja za pande zote mbili kwa miezi, na kote nikakosa kitu kimoja nilichokifahamu vizuri: kusomewa. Asiyejua kuandika hashiki kalamu, lakini anaposomewa yeye ndiye hakimu. Bibi hakuweza kuzuia mkono wangu usiandike uongo. Aliweza kuusikia uongo ukirudi, na akaukataa. Utangulizi wa Margery unasema wazi kwamba padre alimsomea kila neno. Sentensi hiyo ilikuwa imepitwa haraka na wengi, na mimi niliijengea tasnifu nzima ya shahada ya uzamivu.

Mswada wenyewe uko Maktaba ya Uingereza, London. Nilipewa picha za kurasa zake kwenye filamu ndogo kwanza, kama wanavyopewa wanafunzi, na ni baada ya barua mbili za msimamizi wangu ndipo nikaruhusiwa kuugusa kwa asubuhi moja. Kitabu si kikubwa. Kina karatasi 124, na si andiko la padre bali nakala iliyoandikwa miaka michache baadaye na mtu aliyetia jina lake mwishoni: Salthows. Kwa hiyo Margery alisema, mwandikaji wa kwanza akaandika, padre akaandika upya, Salthows akanakili. Baada yao wamo watawa wa Mount Grace, nyumba ya Wakartusi huko Yorkshire, waliokisoma wakiwa na wino mwekundu. Wameandika pambizoni, wamechora moyo, wameweka alama, na mahali ambapo Margery analia na kuanguka mmoja wao ameandika majina ya watawa wenzake waliokuwa wakipatwa na hali kama hiyo. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Wakati watu wa mjini walimwona mwigizaji, wanaume walioishi maisha ya ukimya walimsoma wakasema, huyu ni kama ndugu zetu.

Mwishoni kabisa mwa mswada pana maandishi yaliyofifia ambayo hayakusomeka mpaka karne hii yalipopigwa picha za kitaalamu. Ni maelekezo ya kutengeneza vidonge vitamu vya tumbo: sukari, tangawizi, mdalasini, kungumanga, shamari. Mtu fulani alikuwa na kitabu hiki karibu wakati anaumwa, au anamuuguza mgonjwa, akaona ukurasa mtupu akaandika dawa. Vingi kati ya viungo vile havioti Uingereza. Vingine vilivuka Bahari ya Hindi kabla ya kufika kwenye ile karatasi.

Kabla ya mswada huu kuonekana, dunia ilikuwa na Margery mwingine. Yapata mwaka 1501 Wynkyn de Worde alichapisha kijitabu cha kurasa chache tu zilizokatwa kutoka katika kitabu cha Margery. Safari hazimo. Kilio hakimo. Ugomvi na makasisi haumo, mume hayumo, pombe haimo. Kimebaki kiumbe mpole anayemsikiliza Kristo akisema. Mwaka 1521 Henry Pepwell akakichapisha tena, na huyo akamwita mtawa wa upweke, mwanamke aliyejifungia chumbani maisha yake yote. Mtu aliyefika Yerusalemu! Kwa zaidi ya miaka 400 huyo ndiye aliyejulikana. Yule aliyemtengeneza pengine alikuwa na nia njema kabisa. Nami nilikuwa na nia njema nilipoandika kwamba sote ni wazima wa afya.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifunza zaidi ya yote.

Katika sura za mwanzo Margery anaeleza alivyokuwa mmoja wa wapika pombe wakubwa wa mji kwa miaka mitatu minne, kisha akapoteza fedha nyingi kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kazi hiyo. Anasema pombe ilikuwa inasimama vizuri chini ya povu lake, nzuri machoni pa kila mtu, ghafla povu linaanguka na pipa lote linaharibika, mara baada ya mara, mpaka watumishi wakaona haya na kumwacha. Yeye mwenyewe analisoma jambo hilo kama adhabu ya Mungu kwa kiburi chake. Wasomi niliowasoma walifuata njia hiyo hiyo: povu ni majivuno, kuanguka kwake ni kushushwa.

Mwaka 2000 nilirudi nyumbani likizo. Bibi alikuwa mzee sana, hapiki tena, lakini alikuwa akikaa karibu na jiko na kuwasimamia wanaopika. Nikamsimulia habari za mwanamke wa Lynn. Hakuniacha nimalize.

"Pipa lake alilioshea nini?"

Nikasema kitabu hakisemi.

"Povu halianguki lenyewe. Mkono wenye mafuta ukigusa chombo, povu linakufa. Akifunua mapema kwa pupa ya kuuza, baridi inaingia. Au anapika nyingi kuliko vyombo alivyo navyo, anachanganya mpya na ya jana. Huyo alikuwa na watumishi wanaojua kazi?"

"Anasema walikuwa wanajua."

"Basi walikuwa wanajua wao. Mwenye pombe asipokesha na pipa, pombe si yake. Na mwenye mali akiwa mtoto wa mkubwa, nani atamwambia kwamba mkono wake ni mchafu?"

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama yule mwanamke alikuwa na mtoto mchanga wakati ule. Nikasema alizaa watoto 14, kwa hiyo bila shaka. Bibi akatikisa kichwa. Alisema na yeye mbege ilimwangukia mwaka aliojifungua baba mdogo, kwa sababu alikuwa anaamka usiku kwa ajili ya mtoto badala ya pipa, na watu wa kanisani wakasema ni dhambi, na yeye karibu aamini.

Mazungumzo yale hayakufika hata nusu saa. Yalikuwa na maarifa ya kazi, yalikuwa na maelezo ya kitabaka kuhusu binti wa meya na watumishi wake, na yalikuwa na jibu la kwa nini mwanamke aliyeshindwa kazini anaweza kukubali kwamba ameadhibiwa. Nikarudi Uingereza nikaandika sura ya pombe ya kurasa 40. Bibi hayumo. Niliwataja wanateolojia, wanahistoria wa biashara ya pombe, wakaguzi wa ubora waliokuwa wakipita kuonja katika miji ya Uingereza. Nilijiambia sina namna ya kumweka kwenye tanbihi. Mwaka 2002, siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja akaniuliza swali dogo tu: "Unadhani povu lilianguka kwa nini?" Nikamjibu kuhusu kiburi na unyenyekevu. Tasnifu yote ilikuwa inahusu mwandikaji anayeacha maneno ya mwanamke aliyemwamini, na ndani yake nilifanya jambo lile lile, kwa mwanamke yule yule, mara ya pili.

Bibi alifariki mwaka 2006. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuiandika upya ile sura iwe makala, na safari hii maneno yake nikayaweka mwanzoni, na jina lake kamili, wala si "mzee mmoja wa kijijini". Jarida la kwanza lililipokea wazo ila likataka nimwondoe, kwa hoja kwamba mpika mbege wa Kilimanjaro si ushahidi wa karne ya 15. Sikumwondoa. Nakubali kwamba mbege si pombe ya shayiri ya Lynn. Inatengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kuipa uchungu. Lakini povu ni povu, na mafuta yanaliua popote. Makala ilitoka jarida jingine baada ya miaka mitatu.

Wanafunzi hudhani kila pengo katika maandishi ya mwanamke limetokana na mwanamume aliyemkata. Huwa nawapeleka kwa Julian wa Norwich, mwandishi mwanamke wa zama zile zile, ili wasifanye haraka. Mwezi Mei 1373, akiwa na miaka thelathini na nusu na ugonjwa uliokaribia kumuua, Julian aliona maono. Aliyaandika mara mbili. Andiko fupi, lililobaki katika mswada mmoja tu, lina mahali anaposema yeye ni mwanamke asiye na elimu, mnyonge na dhaifu, kisha anauliza: je, kwa kuwa mimi ni mwanamke nisiwaambie wema wa Mungu? Katika andiko refu, alilolifanyia kazi kwa miaka mingi, maneno hayo hayapo. Ameyatoa mwenyewe. Darasani hatumalizi kubishana juu ya jambo hilo. Wengine husema aliogopa, kwa kuwa siku zile kumfundisha mtu dini kulikuwa na hatari, na kwa mwanamke zaidi. Mimi kwa miaka mingi nimeamini kwamba hakuyahitaji tena. Mtu aliyefikiri jambo moja kwa miaka 20 haombi radhi mlangoni. Hata hivyo huwaambia wanafunzi kwamba hayo ni maoni yangu, na kwamba andiko refu lingeweza kupotea kabisa kama masista Wabenedikto wa Kiingereza waliokuwa uhamishoni Ufaransa wasingelitunza na kulinakili.

Kuna sehemu ambapo Julian anaonyeshwa kitu kidogo cha mviringo kiganjani mwake, chenye ukubwa wa kokwa la mti wa kwao, na anaambiwa kwamba hicho ndicho vyote vilivyoumbwa. Nimelitafsiri neno hilo kwa njia nyingi na zote zilikuwa baridi. Siku moja nikaingia darasani na mfuko wa buni, nikampa kila mmoja tunda moja la kahawa, nikasoma nao wakiwa wamelishika. Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Kuhusu ajira sina mengi. Baada ya shahada nilifanya kazi kwa mikataba ya miezi tisa tisa katika miji mitatu, nikifundisha kozi za watu wengine, na kila kiangazi nilikuwa natafuta pa kulala. Idara moja iliniambia nafasi ni yangu, kisha ikaifuta wiki mbili kabla muhula haujaanza, nikiwa nimeshahamisha vitabu. Nilikonda. Katika miaka hiyo aliyenishika mkono ni Hope Emily Allen, ambaye alifariki mwaka 1960 kabla sijazaliwa. Huyu Mmarekani ndiye aliyeitwa kuutazama mswada wa Margery ulipotoka katika nyumba ya familia ya Butler-Bowdon mwaka 1934, akaujua ni nini, akaitangaza habari katika gazeti la The Times mwezi Desemba mwaka huo. Hakuwahi kuwa na nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Alisoma kwa fedha zake na kwa barua, akiwaandikia watu wa kila mahali na kuwagawia aliyoyapata. Toleo la 1940 lilitoka likiwa na jina lake na la Sanford Meech, na ushirikiano wao ulikuwa mgumu. Juzuu ya pili aliyoiahidi, ambayo ingemweka Margery kati ya wanawake wenzake wa Ulaya, hakuimaliza. Kila mara wazo likampeleka mbali zaidi. Watu husimulia habari hiyo kama kushindwa. Mimi naona tumekuwa tukiiandika ile juzuu ya pili tangu siku hiyo, kila mmoja wetu sura moja.

Mwaka 2009 nilirudi Tanzania kufundisha. Niliogopa kwamba wanafunzi watasema Margery hawahusu. Swali hilo limeulizwa mara chache sana. Wanachouliza ni mambo mengine: mume wake alikubali vipi kuacha tendo la ndoa? Nawasomea yale mapatano ya mwaka 1413 njiani kutoka York, Margery amebeba chupa ya pombe, John mumewe ana mkate mtamu kifuani, wanajadiliana kama wafanyabiashara. Margery akimlipia John madeni na kula naye siku ya Ijumaa, John atamwachia mwili wake. Kisha nawasomea uzeeni, John ameanguka ngazi, akili imerudi utotoni, hajizuii, na Margery anafua na kukausha nguo zake huku akilalamika kwamba kazi inamzuia kusali. Hapo darasa hutulia. Karibu kila mmoja ana mtu nyumbani.

Na nawasomea Beverley, mwaka 1417. Njiani kwenda huko, akiwa mikononi mwa waliomkamata, wanawake wa Hessle walitoka nje na vijiti vyao vya kusokotea sufu wakipiga kelele achomwe. Beverley akafungiwa chumba cha juu. Akasimama dirishani akawasimulia habari waliokuwa chini, na wanawake wakalia. Akawaambia ana kiu. Mke wa mwenye nyumba hakuwa na ufunguo. Basi wakaegemeza ngazi, wakampa mvinyo na kikombe dirishani, wakamsihi akifiche chombo asije mwenye nyumba akakiona. Kitabu hakitoi jina la hata mmoja wao.

Pamoja na Margery nafundisha Mwana Kupona binti Mshamu. Si wa Zama za Kati; utendi wake ni wa mwaka 1858, na dunia yake ni Siu na Lamu, wala simlazimishi kufanana na mtu. Lakini anaanza pale pale: maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita binti yake aje akae mbele yake na wino na karatasi. Toleo lililomfikisha kwa wasomi wengi, la Alice Werner na William Hichens, lilitoka mwaka 1934, mwaka ule ule ambao Margery alitoka kabatini. Wanafunzi wa pwani wanaujua utendi huu kwa masikio kabla ya macho, na wao ndio huwaeleza wenzao wa bara kwamba mwanamke anaweza kuwa na kitabu kizima kichwani bila kushika kalamu.

Zoezi langu la mwisho wa muhula ni moja tangu mwanzo. Nenda kwa mama mtu mzima, mwandikie barua anayotaka kumwandikia mtu yeyote. Akisema kwa Kinyakyusa au Kihaya, wewe andika kwa Kiswahili. Ukimaliza, msomee katika lugha yake. Niletee barua, na karatasi ya pili yenye orodha ya kila alichokukatalia. Alama natoa kwa karatasi ya pili. Mwaka 2023, mwezi Oktoba, wahalifu wa mtandaoni waliposhambulia mifumo ya Maktaba ya Uingereza na picha za miswada zikatoweka kwenye intaneti, tuliendelea na nakala nilizoandika kwa mkono kwenye madaftari nikiwa mwanafunzi, na wanafunzi wakaanza kunikosoa mimi: hapa umeacha neno, hapa umerudia mstari. Walikuwa sahihi mara nne.

Baba mdogo alifariki miaka sita iliyopita. Katika kugawana vitu vyake, binti yake, yule aliyetibiwa kwa fedha ya pombe, alinikabidhi bati la biskuti lililojaa barua za Bibi, yaani barua zangu. Nilizitambua kwa mistari ya daftari na mashimo mawili ya pini katikati. Ile ya mwaka 1979 imekunjwa mara nyingi kuliko zingine, mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sehemu ya katikati, yenye mwandiko mzuri na sote ni wazima wa afya, iko safi kabisa. Pambizo la kushoto limechakaa na kuwa jeusi kwa vidole. Maneno bado yanasomeka, ila lazima uizungushe karatasi.